Sumu ya chungu kimoja, mzigo wa hospitali nzima

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeturuzuku vilivyo vizuri na kutuhalalishia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mwanzoni mwa Machi 2024, siku chache kabla ya kuingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, msiba mzito uliwashukia ndugu zetu wa Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, Pemba. Watu walikula nyama ya kasa. Watoto wanane walifariki, pamoja na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Nao haukuwa msiba wa kwanza wa namna hiyo. Novemba 2021, huko huko Pemba, watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa, miongoni mwao mtoto wa miaka mitatu.

Habari kama hizo zinapotufikia, kwanza tunahesabu waliokufa, tunawaombea maghufira na kuwapa pole wafiwa. Hivyo ndivyo inavyotupasa. Lakini leo nataka tuitazame ile idadi nyingine, ya watu 78 waliohitaji kitanda, muuguzi na daktari kwa wakati mmoja, kwa sababu ya kitoweo kimoja. Ninalotaka tulielewe ni hili: chakula chenye sumu hakimdhuru aliyekila peke yake. Madhara yake humfikia hata ambaye hakuonja tonge, kwa kuwa anapougua naye anakuta hospitali imekwisha kujaa.

Haki ya yule ambaye hakuwapo shughulini

Tuchukue mfano wa shughuli iliyo ya kawaida kwetu. Ni walima, au khitma, au maulidi. Wali umepikwa alfajiri kwenye masufuria makubwa, nyama imekatwa tangu usiku, na chakula kinapakuliwa saa nane mchana. Kufika magharibi watu wanaanza kutapika na kuharisha. Saa nne usiku wanafikishwa hospitali ya wilaya kwa daladala, kwa pikipiki na kwa magari ya jamaa, nako katika wodi wako wauguzi wawili wa zamu ya usiku na daktari mmoja anayeitwa kila upande.

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60, akiwa ameishiwa maji mwilini kwa kiwango kikubwa, kwa kipimo cha matibabu cha mililita 100 kwa kila kilo anahitaji kuongezewa lita sita katika saa chache. Hizo ni chupa 12 za dripu za nusu lita. Wakiwa 20 wa hali hiyo, ni chupa 240 kwa usiku mmoja. Kila mmoja anahitaji kuchomwa mshipa, kupimwa mapigo ya moyo, kuangaliwa kama anapata mkojo, na kubadilishiwa chupa inapokwisha. Wanalala wawili wawili kitandani, wengine kwenye mikeka, na chupa zinaning'inizwa kwenye nondo za madirisha.

Usiku huo huo yuko mama ambaye uchungu umemzidi na mtoto hashuki. Yuko mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, na yuko mzee wa kisukari aliyepoteza fahamu. Hawa hawakualikwa kwenye shughuli ile wala hawakula wali wake, lakini daktari wanayemsubiri yumo katika wodi ya waliokula, na dripu waliyokuwa waipate imekwisha.

Dini yetu imetusisitizia haki ya jirani mpaka Mtume (S.A.W.) akaona huenda jirani akarithishwa. Basi tujue kwamba jirani ana haki hata katika chungu tunachopika nyumbani kwetu. Akikosa kitanda kwa sababu ya uzembe wa jiko letu, tumemdhuru, ijapokuwa hatumjui kwa jina.

Hata nchi yenye uwezo ilitikisika

Asiseme mtu kuwa hayo ni matatizo ya hospitali zetu zenye upungufu tu. Mwaka 2011 kaskazini mwa Ujerumani, watu walianza kuugua katika mwezi wa Mei. Waliharisha damu, kisha figo za wengi zikaanza kushindwa kazi. Waliougua walizidi 3,800. Kati yao zaidi ya 800 walipatwa na madhara ya figo, na zaidi ya 50 walifariki. Uchunguzi ulielekeza kwenye vichipukizi vya uwatu, huu huu uwatu tunaoujua majumbani mwetu, vilivyooteshwa katika mbegu zilizotoka Misri na kuliwa vibichi. Bakteria aliyekuwamo ni wa aina ya E. coli itoayo sumu kali.

Ujerumani ina mashine nyingi za kusafisha damu na madaktari bingwa wa figo. Hata hivyo, katika jiji la Hamburg hali ya hospitali ilikuwa ngumu mpaka waziri wa afya wa nchi hiyo akakiri hadharani kwamba kuwahudumia wagonjwa kumekuwa kazi nzito, na kwamba hospitali za nje ya jiji zisaidie kuziba pengo. Mkuu wa afya wa Hamburg alizungumzia hata kuwarejesha kazini madaktari waliokuwa wamestaafu karibuni. Ikiwa mji wenye uwezo huo ulifikia hapo kwa ajili ya mboga mbichi, je, kisiwa ambacho mgonjwa hafiki hospitali ila avuke maji kitakuwaje?

Sumu ndani ya hospitali yenyewe

Wakati mwingine sumu huanzia ndani ya hospitali. Agosti 1984, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Stanley Royd, mjini Wakefield, Uingereza, nyama ya ng'ombe iliyopikwa iliachwa nje ya jokofu kwa saa nyingi siku ya joto, kisha ikaandaliwa kwa chakula cha jioni. Bakteria wa salmonela walikuwa wamezaliana humo. Wagonjwa 355 na wafanyakazi 106 waliugua, na wagonjwa 19 wakafariki. Mazingatio makubwa yamo katika hiyo idadi ya wafanyakazi. Saa ile wagonjwa walipohitaji mikono mingi zaidi ya kuwahudumia, mikono hiyo nayo ilikuwa imelala kitandani. Baada ya uchunguzi, sheria ilibadilishwa mwaka 1986, na kinga iliyokuwa ikizizuia jiko za hospitali za serikali kushitakiwa kwa makosa ya usafi wa chakula ikaondolewa.

Kwetu sisi, chakula kingi cha mgonjwa hutoka nyumbani. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na kumpelekea chakula ni wema wenye thawabu. Lakini uji uliokorogwa saa kumi na mbili asubuhi, ukaachwa pembeni mwa kitanda mpaka saa kumi jioni kwa kuwa mgonjwa hana hamu, huyo mgonjwa hautamfaa. Mwili wake umekwisha kudhoofika, na kinachomharisha mtu mzima siku moja kinaweza kumuua yeye, au mtoto mchanga, au mama mjamzito. Basi tumpelekee kidogo, kikiwa cha moto, ale tukiwapo, na kilichobaki turudi nacho.

Si kila sumu huondoka kwa moto

Wapo wanaosema, "Kichemshe tena, moto unaua kila kitu." Kauli hiyo ni kweli nusu, na hiyo nusu isiyokuwa kweli ndiyo inayoua.

Moto mzuri huua bakteria walio hai. Lakini wali una bakteria wake ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha kiporo moto. Mtu hutapika baada ya saa moja hadi sita. Hali kadhalika mpishi mwenye jipu au kidonda mkononi huacha katika chakula bakteria ambao sumu yao hustahimili moto. Na sufuria kubwa la nyama likiachwa lipoe polepole, katikati yake hubaki joto linalowafaa bakteria wa aina nyingine, ambao huwaharisha watu kesho yake.

Ama kasa, jambo lake ni zito zaidi. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Wataalamu huona kuwa kasa huipata katika vile anavyovila baharini, na kwamba kasa aliyeliwa jana bila madhara si dalili kuwa wa leo ni salama. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haijapatikana. Hospitali hufanya la kumsaidia mgonjwa kupumua, kumwongezea maji na kusubiri. Watoto ndio hudhurika zaidi, na imeshuhudiwa kwamba hata mtoto anayenyonya hupata sumu kupitia maziwa ya mama aliyekula.

Kwa upande wa sheria ya dini, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani yetu wanayafuata, ni kwamba kasa haliwi, ingawa wako wanazuoni wengine walioruhusu. Lakini hata aliyeishika ruhusa hiyo ajue kwamba wanazuoni wamekubaliana juu ya kuharimishwa kwa chenye kudhuru. Zaidi ya hayo, kasa ni miongoni mwa viumbe wanaolindwa na sheria za nchi.

Tusisahau nafaka. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu wenye sumu ambayo wataalamu wetu huiita sumukuvu. Watu 317 waliugua na 125 walifariki, ini likiwa limeharibika. Mwaka 2016 maradhi hayo yalitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Sumu hii nayo haiishi kwa kupika ugali.

Hapa inatujia ile hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamtaka auweke ule ulioloa juu, watu wauone, na akamtoa katika jamaa yake mwenye kughushi. Kwa kawaida tunaisoma hadithi hii katika mlango wa biashara. Leo, tukijua nafaka yenye unyevu inazaa nini, tuisome pia katika mlango wa kuhifadhi roho za watu.

Kupiga Bismillahi na kushika sababu

Iko dhana kwamba chakula kikisomewa Bismillahi hakidhuru tena. Kutaja jina la Mwenyezi Mungu ni adabu ya kula, ina baraka, na haifai kuiacha. Lakini haikuwekwa iwe badala ya kunawa mikono. Katika vita vya Khaibar, Mtume (S.A.W.) na baadhi ya masahaba waliletewa nyama ya kondoo iliyotiwa sumu. Sahaba Bishr bin al-Baraa (R.A.) aliimeza, akafa. Mtume alilitema tonge lake na akawatahadharisha wenzake waache kula. Hakuwaambia waendelee kwa kutawakali. Na ni yeye aliyetufundisha kufunika vyombo usiku na kufunga vinywa vya viriba. Kur-ani nayo, inapotuamrisha kula, imefuatanisha sifa mbili, kiwe halali na kiwe kizuri. Nyama iliyochinjwa kisheria kisha ikaachwa ioze inayo sifa ya kwanza, na ya pili imeikosa.

Sitara isiyokuwa sitara

Yapo mazoea yanayozidisha mzigo wa hospitali, nayo ni kuficha. Mwenye shughuli anaona aibu isije ikasemwa kwamba chakula chake kimewadhuru wageni. Aliyekula kasa anaogopa sheria. Basi wagonjwa wanafikishwa, daktari anauliza wamekula nini, na jibu linakuwa, "Chakula cha kawaida tu."

Kwa jibu hilo daktari ataanza kutafuta kipindupindu, atatafuta malaria, atapeleka vipimo kumi maabara pale ambapo kingetosha kimoja. Saa zitapita. Waliobaki nyumbani, ambao nao walikula na bado hawajaona dalili, hawataambiwa wawahi. Na chakula kilichobaki kitapashwa moto na kuliwa tena usiku.

Sitara ya Muislamu ni amri njema, lakini haikuwekwa ili ifunike hatari inayoendelea. Mwenye kujua chakula kilichodhuru anabeba amana, na mwenye haki na amana hiyo ni daktari na wote waliokula. Naye jamii ipunguze kumsimanga mwenye shughuli, kwa sababu tukimdhalilisha huyu wa leo, wa kesho ataficha.

Yanayotupasa kuyatenda

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula, na 420,000 hufariki, kati yao watoto 125,000 wasiofikia miaka mitano. Sehemu kubwa ya maradhi haya huzuilika jikoni, kwa mambo haya:

Kwanza, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka msalani, na mwenye jipu, kidonda cha mkono au kuharisha asishike chakula cha watu, hata kama ndiye mpishi hodari wa mtaa.

Pili, kisu na ubao wa nyama mbichi visitumike kwenye kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Tatu, chakula kiive mpaka ndani, na maji ya kunywa yawe safi.

Nne, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuliwa, ila kiwe juu ya moto, cha kuunguza mdomo, au kiwe ndani ya jokofu. Katika shughuli kubwa ni bora kupika kwa mafungu karibu na saa ya kula, na kinachobaki kigawanywe katika vyombo vidogo vifupi kipoe upesi. Wali uliolala nje usiku kucha usipewe mtoto, wala jirani, wala maskini. Sadaka haitolewi kwa kinachodhuru.

Tano, mahindi na karanga vikaushwe sawasawa, vihifadhiwe pakavu juu ya chaga, na vyenye kuvu vitupwe.

Na ikitokea mtu ameharisha au kutapika, aanze kunywa maji yenye chumvi na sukari mapema, kidogo kidogo. Zikikosekana zile pakiti za dawa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya msawazo, koroga. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida, isipokuwa mama akiwa amekula kasa. Maziwa hayaondoi sumu hizi kama wengi wanavyodhani, wala mgonjwa asilazimishwe kutapika. Wengi watapona kwa maji hayo nyumbani, na kila anayepona nyumbani amemwachia kitanda aliyezidiwa.

Lakini asicheleweshwe hata kidogo mwenye kuharisha damu, asiyepata mkojo, aliyelegea au kuzungukwa na usingizi, anayetapika kila anachokunywa, mwenye macho yanayoona ukungu au viungo vinavyokufa ganzi, na yeyote aliyekula kasa. Mpelekeni na mabaki ya chakula ndani ya mfuko uliofungwa, na mtu mmoja awe na orodha ya wote waliokula. Karatasi hiyo moja inaweza kumwokolea daktari saa nzima, na saa hiyo ikamfaa mama aliye katika chumba cha kujifungulia, ambaye wala hatakujua.

Ndugu zangu, tunapopika kwa ajili ya watu tunakusudia thawabu ya kulisha. Tukamilishe nia hiyo kwa kuhakikisha kwamba aliyekula kwetu analala usiku nyumbani kwake akiwa na afya, na kwamba kitanda cha hospitali kinabaki kwa mwenye kukihitaji. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa misiba hii, awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wauguzi na madaktari wanaokesha, na aturuzuku chakula cha halali kilicho kizuri. Amin.

Wabillahi tawfiq.